Mpira wa vifungo: namna tunavyoucheza Kamalondo

Mimi ni tayere, fundi wa kushona nguo. Kibanda changu kiko Kamalondo, mjini Lubumbashi, Kongo, si mbali na uwanja wa klabu ya TP Mazembe, na siku ya debi na Lupopo, klabu nyingine ya mji huu, nafunga mlango saa sita mchana: hakuna mteja anayekuja kupimwa suruali saa hiyo, na hata angekuja, mshono ungepinda. Siku nyingine, shule zikishatoka, meza yangu ya kukatia inageuka uwanja. Wachezaji ni vifungo na vifuniko vya chupa, mguu ni ukucha. Walianza watoto wa avenyu yetu, wakafuata baba zao, na sasa kila wiki kuna mtu mlangoni: "Papa tayere, ile kitu munatengenezaka namna gani?" Nimechoka kueleza huku nimeshika pini kwa meno. Naandika mara moja.

Kitambaa kwanza

Wengi wanaanza na wachezaji. Wanakusanya vifungo vizuri, wanabandika namba, halafu wanavipanga juu ya meza tupu na mpira unakimbilia uvunguni mwa kabati. Anza na kitambaa.

Hata mtu aliyeupeleka mchezo huu duniani alianza hapo. Mwingereza Peter Adolph, mpenda ndege aliyeishi upande wa Tunbridge Wells, aliutangaza wake, Subbuteo, kwenye jarida la vijana Agosti 1946, na seti za kwanza zikatoka Machi 1947. Ndani ya boksi kulikuwa na wachezaji wa karatasi ngumu, wekundu na wa buluu, magoli ya waya yenye nyavu za karatasi, na kipande cha chaki. Uwanja haukuwemo. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, vitu vilikuwa haba, lakini blanketi kuukuu la jeshi halikukosekana. Mnunuzi aliambiwa achore mistari juu yake kwa ile chaki. Nilipopata habari hiyo nilicheka peke yangu kibandani. Blanketi, chaki, kifungo: yule bwana alikuwa anauza duka langu.

Tafuta blanketi la sufu lililochakaa, lile ambalo manyoya yake yamekwisha kwa kufuliwa. Jipya halifai, kifungo kinazama. Pamba nyembamba nayo haifai, inajikunja chini ya mchezaji. Pitisha kiganja juu yake kwenda na kurudi. Upande mmoja utasikia laini, upande mwingine utasikia linakukataa kidogo, kwa sababu manyoya yamelala. Hakikisha yanalala kufuata urefu wa uwanja, kutoka goli hadi goli. Yakilala kwa upana, kila mpira utapinda na mtagombana hadi usiku. Yakilala kwa urefu, timu moja inashuka mteremko na nyingine inapanda, kisha mnabadilishana upande baada ya mapumziko na hesabu inakuwa sawa.

Chini weka tripleksi, ile mbao bapa ya kubandikwa tabaka kwa tabaka, ya sentimita 140 kwa 100. Paka gundi nyeupe ya maseremala, nyembamba, kwa kipande cha sponji. Tandika blanketi kuanzia katikati ukienda pembeni, piga pasi ya uvuguvugu, acha usiku kucha. Na usichore kitu kabla gundi haijakauka! Uwanja wangu wa kwanza niliuchora kwanza, kwa fahari, kisha nikavuta pembe ili kuondoa makunyanzi. Duara la katikati likawa yai. Tulilichezea hivyo miezi mitatu, watoto wakiliita "mandazi".

Eneo la kuchezea ni sentimita 120 kwa 80. Duara la katikati: funga uzi kwenye pini, urefu sentimita 10, zungusha chaki. Boksi kubwa la kipa lichomoze sentimita 19 na liwe na upana wa 46. Mstari ambao mgeni anausahau ni mstari wa shuti, unaokatiza uwanja wote kwa upana, sentimita 30 kutoka kila mstari wa goli, yaani nusu ya njia kati ya katikati na goli. Mpira usipouvuka mstari huo huruhusiwi kupiga goli. Chora kwa chaki ya kushonea, ile bapa, siyo ya ubao wa darasani ambayo inaacha vumbi kwenye kila kidole na kila shati jeupe la mteja.

Wachezaji

Kifungo kizuri cha mchezo huu ni kipana, kizito na chini yake ni laini. Vifungo vyenye kitanzi mgongoni viache kwenye koti. Vile vya matundu manne vinafaa, ila matundu hunasa nyuzi za blanketi, basi yazibe kwa nta ya mshumaa, ikipoa kwangua iliyozidi kwa kadi ya simu ya zamani, halafu sugua kwa kitambaa mpaka king'ae. Wachezaji wakubwa wa Ulaya wanazing'arisha besi (vitako) za wachezaji wao kwa nta ya kusafishia fanicha. Sisi ni mshumaa na kiraka cha pamba, na vinateleza vizuri tu.

Kipime hivi: kiweke juu ya blanketi, kifyatue kwa nguvu ya kawaida. Kikienda sentimita 40 bila kupinduka, kimepata namba. Kikipinduka, ni chepesi au ukingo wake umesimama mno.

Nina jambo la kuungama hapa. Mzee mmoja mstaafu wa reli aliniachia koti zito la kubadilishwa bitana, akapotea. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Koti lilikuwa na vifungo sita vya pembe, vinene, upana sentimita tatu na nusu, mgongo laini kama sahani. Nilivumilia, kisha sikuvumilia. Vikawa mabeki wangu na viungo wangu, na kwa miezi minne hakuna aliyenifunga zaidi ya mabao mawili. Mzee akarudi Juni, baridi ilipoingia. "Tayere, koti yangu?" "Iko, papa." Ilikuwapo kweli. Nikampa kiti, nikakwangua nta kifungo kimoja kimoja mbele yake, nikavishona. Hakusema neno. Kifungo cha tatu kutoka juu kilikuwa kimeandikwa namba 5 na wino ulishaingia ndani ya pembe, haukutoka. Anakivaa vivyo hivyo. Kila akipita namwona beki wangu wa kati anaelekea kituoni.

Inasimuliwa kwamba Adolph naye alitoa kifungo cha majaribio yake kwenye koti la mama yake. Yeye angalau alijua mwenye koti yuko wapi.

Usiyekuwa na vifungo, tumia vifuniko vya chupa. Hapa Lubumbashi vya Simba ni vingi kuliko mawe. Kifuniko kina meno 21, na kila jino ni ndoano. Kwa hiyo kilaze uso chini, meno juu. Ndani weka rondeli, kile kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya nati, kisha mimina nta hadi ukingoni. Juu ya nta bandika duara la karatasi lenye namba. Uso wenye picha ndio utakaoteleza, na rangi yake ni laini kuliko kitu chochote utakachopaka mwenyewe. Tatizo ni kwamba kifuniko kilichofunguliwa kwa haraka kina mkunjo katikati na kinayumba kama mlevi aliyekifungua. Muombe mwenye baa afungue polepole, au kiweke juu ya ncha ya mpini wa mwiko na ukigonge kwa nyundo ndogo mpaka kilale sawa.

Rangi: Mazembe ni rahisi, vifungo vyeusi na vyeupe viko kila mahali. Lupopo ni shida. Vya buluu utapata, vya njano ni vya nguo za watoto wachanga, vidogo, vinapinduka. Shemeji yangu, Lupopo wa damu, alipaka vyake kwa rangi ya mafuta. Rangi iligandamana chini na timu nzima ikawa nzito kama imekula bukari, ugali wetu, saa tisa.

Mpira, kipa, goli

Mpira wa duara wa plastiki unafaa kwa wachezaji wa Adolph kwa sababu wao wanasimama juu ya besi ya mviringo kama bakuli dogo. Kwa vifungo ni mkubwa mno, unapanda juu ya mchezaji. Sisi tunatumia mpira wa uzi. Zungusha uzi wa pamba juu ya punje moja ya mtama, vuta kila mzunguko, hadi ufike upana wa sentimita moja. Pitisha sindano mara kumi kila upande ili usifumuke. Uchovye kwenye gundi iliyoongezwa maji, uviringishe katikati ya viganja mpaka uanze kunata, uache kivulini siku nzima. Ukikauka unabingirika, lakini haukimbii. Tengeneza mitano, kwa sababu paka wetu ana mmoja na hatausema ulipo.

Kipa ni boksi la kiberiti lililojazwa mchanga na kufungwa kwa plasta. Ndivyo Wabrazili wengi walivyokua nacho nyumbani, na hakuna aliyepata kitu bora zaidi kwa bei hiyo. Anakaa mbele ya goli na unampanga kwa mkono kabla ya shuti, basi. Kwenye mchezo wa Adolph kipa ana kijiti kirefu kinachopita nyuma ya goli na unamrusha kushoto na kulia. Ni jambo zuri, lakini kwetu vijiti vilivunjika siku ya pili. Watoto wakifunga bao wanachukua kipa wao na kumrusharusha juu ya meza kwa makalio, tuk tuk tuk, kama Robert Kidiaba, kipa wa zamani wa Mazembe. Waliozaliwa baada ya 2010, mwaka ambao Mazembe walifika fainali ya klabu bingwa ya dunia, nao wanafanya hivyo hivyo. Sijui nani aliwafundisha. Labda mimi.

Goli: waya wa hanga, upana sentimita 12, urefu 5, wavu wa kipande cha chandarua kilichotoboka. Ukifuata vipimo halisi vya uwanja huu goli lingekuwa sentimita nane na kitu, na hakuna bao ambalo lingefungwa kabla ya Krismasi.

Ukucha

Hapa ndipo kelele zinapozaliwa. Watoto wetu wamekua na gololi: kidole kinakazwa juu ya kidole gumba, kinafyatuka kama mtego. Kwenye mpira wa mezani hiyo ni faulo, na imekuwa faulo tangu sheria za Adolph. Kidole gumba hakiguswi. Laza kiganja pembeni, weka ncha ya kidole cha shahada au cha kati juu ya blanketi, nyuma kabisa ya kifungo, ikiwa imekunjwa kidogo. Kisha kinyooshe ghafla ili ukucha ugonge ukingo. Nguvu inatoka kwenye kiungo cha mwisho cha kidole, siyo kwenye kifundo cha mkono. Ukikisukuma kifungo, yaani kidole kikienda nacho hata sentimita mbili, ni faulo pia.

"Papa tayere, alisukuma!"

"Hapana, nilipiga na kucha!"

Sikiliza sauti. Ukucha unalia "tak". Kusukuma hakuna sauti. Mimi huwa sinyanyui kichwa kwenye mashine, nahukumu kwa masikio.

Mazoezi: weka kifungo sentimita 10 kutoka kwenye mpira na ufyatue mpaka kiuguse na kusimama hapo hapo, bila kuusogeza zaidi ya upana wa kidole. Mguso huo mwepesi ndio mchezo wenyewe. Mashuti makali kila mtoto anayaweza siku ya kwanza. Kupinda kunakuja baadaye: gonga kifungo kushoto kidogo mwa katikati na kitazunguka kikielekea kulia, kikimkwepa beki. Kata kucha, lakini usizimalize. Aliyezimaliza anagonga kwa nyama na kesho yake hawezi kushika sindano.

Sheria zinazotosha kuanza

Wachezaji 11 kila upande. Unaendelea kucheza maadamu mchezaji wako anaugusa mpira na mpira haumalizii kwa mpinzani. Ukikosa mpira, au mpira ukimgonga mpinzani na ukabaki kwake, zamu ni yake. Mchezaji mmoja anaugusa mara tatu mfululizo, si zaidi. Ya nne lazima awe mwingine. Sheria hiyo ndiyo inayofanya uwe mpira na siyo mbio za kifungo kimoja.

Na asiye na mpira hakai kutazama. Kwa kila mfyatuo wa mshambuliaji, naye anafyatua mchezaji wake mmoja kwenda kuziba njia. Akigonga mpira au mtu wakati wa kuziba, mshambuliaji ana haki ya kudai vitu virudishwe vilipokuwa. Ukimgonga mchezaji wa mwenzako kabla ya kufika kwenye mpira, ni faulo na mpira wa adhabu. Kabla ya shuti sema "kipa!" na umngoje mwenzako ampange. Asiyesema, bao halihesabiwi, hata likiwa zuri namna gani. Ofsaidi ipo kwenye mchezo mkubwa. Sisi tuliiacha baada ya Jumapili mbili za ugomvi.

Ukitaka kuandaa mashindano

Adolph hakuwa wa kwanza. Huko Liverpool William Keeling alikuwa ameanza kuuza mchezo wa namna hii, Newfooty, mwaka 1929, na Brazili Geraldo Décourt alichapisha sheria za mpira wa vifungo mwaka 1930. Adolph alitaka kuuita wake kwa jina la ndege aliyempenda, kozi mdogo ambaye Waingereza wanamwita "hobby", lakini ofisi ya alama za biashara ikakataa neno la kawaida namna hiyo. Akachukua jina lake la Kilatini, Falco subbuteo, akaacha nusu ya kwanza. Ndivyo tulivyopata Subbuteo. Ndege huyo hukimbia baridi ya Ulaya na kuja kusini mwa Afrika wakati wa mvua, akinasa kumbikumbi angani. Kwa hiyo yeye huku si mgeni.

Siku hizi mchezo una shirikisho lake la kimataifa, FISTF, lililoanzishwa 1992. Mwaka 2024 Kombe la Dunia lilichezwa Tunbridge Wells, ulipozaliwa mchezo wa Adolph. Mechi zao ni vipindi viwili vya dakika 15. Kwenye timu, klabu mbili zinakutana kwa mechi nne zinazochezwa wakati mmoja, mtu kwa mtu, kwenye meza nne. Hilo nimelichukua kama lilivyo kwa avenyu dhidi ya avenyu, kwa sababu linazuia bingwa mmoja kuibeba avenyu nzima: wakishinda meza tatu, fundi wao akipoteza ya nne, wameshinda.

Kwa mtu mmoja mmoja, chukua watu 16, makundi manne ya wanne. Kila kundi lina mechi sita, jumla 24, kisha robo fainali, nusu fainali na fainali, mechi saba zaidi. Punguza vipindi viwe dakika saba. Pamoja na kupanga na kugombana, mechi moja inakula dakika 20, na kwa meza mbili makundi yanakwisha kwa saa nne. Usijaribu kumaliza yote siku moja. Makundi Jumapili hii baada ya misa, mtoano Jumapili ijayo, ili walioshindwa wapate wiki ya kulalamika na kurudi kutazama. Mwamuzi ni mtu wa kundi hilo hilo asiyecheza wakati huo. Anajua kwamba mechi ijayo atahukumiwa yeye, basi hapendelei sana.

Kiingilio usichukue pesa. Kila mmoja alete vifungo vinne. Mwisho wa siku una timu ya akiba, na hakuna wa kuuliza sanduku liko kwa nani.

Jambo la mwisho ni mwanga. Fainali yetu iliyopita umeme ulikatika dakika ya tano ya kipindi cha pili, bao moja kwa moja. Simu nne zikawashwa tochi. Usikubali. Tochi ya simu inapiga kutoka ubavuni, kivuli cha kifungo kinakuwa kifungo cha pili, na kijana wa Lupopo alifyatua kivuli. Tukasimamisha. Nikachukua chaki, nikazungushia duara kila mchezaji pale alipokuwa, namba ndani ya duara, na kitone kwa ajili ya mpira. Vifungo tukavitia kwenye kopo, kopo nikampa mke wangu kwa sababu mimi ni Mazembe. Asubuhi kila mmoja akarudi kwenye duara lake kabla sijatia makaa kwenye pasi. Mteja aliyekuja kupimwa shati alisubiri dakika mbili zilizobaki, mikono nyuma, kisha akauliza kama yule namba 9 ni kifungo cha shati au cha koti.